Skrini ya Kliniki ya Meno

Niliinunua kwa Guram, daktari wa meno,
aliyefunga kliniki mikono ilipoanza kumtetemeka.
"Miaka kumi na miwili imeonyesha magego tu," aliniambia.
"Ipe kitu kingine."
Kwenye fremu kilibaki kibandiko
chenye herufi zetu za mviringo: *Fungua kinywa.*
Nikaifunika blanketi, kama mtoto mwenye homa,
nikaiingiza katika lifti yetu inayodai sarafu,
ambayo siku hiyo, kwa mvua ya Kutaisi,
ilimeza mbili na kunitema ghorofa ya sita.
Naishi ya saba.

Hadi hapo nilikuwa nachungulia tundu la ufunguo.
Kompyuta mpakato ya inchi kumi na tatu,
na ndani yake sauti arobaini na moja zimebanana:
besi imelaliwa na akodioni,
panduri ya nyuzi tatu imepachikwa juu ya ngoma,
nami nasogeza juu, nasogeza chini,
kama msomaji wa gazeti lililokunjwa mara nane.
Nikimpata mwimbaji wa kwanza, wa tatu keshapotea.
Nimechanganya harusi sita hivyo, kwa kupapasa.

Waya wa kwanza ulikataa.
Kichwa chake kipana, tundu langu jembamba.
Penye nia pana njia, sawa,
lakini penye tundu si lazima pawe na waya wake.
Nikamgongea Jemali wa mlango wa pili.
Akaja na droo nzima, ameichomoa kabatini,
nyaya zimesokotana humo kama tambi za jana.
Tukachomeka. Tukachomoa. Tukapuliza tundu,
ingawa sote tunajua kupuliza hakusaidii kitu.

HAKUNA ISHARA, iliandika skrini.
Maneno yakaelea, yakagonga pembe, yakarudi.
"Angalau anaongea," alisema Jemali.

Kisha, bila kosa letu wala ufundi wetu,
picha ikaja.
Lo! Upana ule!
Sauti zote arobaini na moja, kila moja na mtaa wake,
vilima vya buluu toka ukingo hadi ukingo.
Nikabonyeza kitufe cha kucheza.

Kimya.

Spika zangu mbili zimekodoa tu.
Mshale unatembea juu ya vilima, wimbo hausikiki.
Dakika kumi nikaapa nimeunguza kitu,
mpaka Jemali akainama nyuma ya meza, akacheka:
harusi nzima ilikuwa inatokea mgongoni mwa skrini,
nyembamba, kama mbu ndani ya kopo.
Macho yalikuwa yamenyang'anya masikio kazi.
Nikaingia kwenye mipangilio, nikarudisha sauti kwao.

Hapo ndipo nilipoona, mstari wa thelathini na moja,
kabla ya kila ubeti, kijilima kidogo.
Kwenye kioo kile cha zamani nilikidhani kelele za feni,
nikawa nakikata, nakikata.
Nikakikuza. Nikakisikiliza.
Ilikuwa pumzi ya Eteri.
Eteri wa tanuri la mikate, anayeamka saa tisa usiku,
mwenye unga kifuani hata Jumapili.
Pumzi kumi na tisa. Nikazirudisha zote,
na wimbo ukakaa chini, ukavua viatu.

Kesho yake alikuja kusikiliza, koti limelowa.
Akasoma kibandiko, akafungua kinywa, tukacheka.
Halafu kidole chake kikagusa kioo.
"Hiki nini, kama chunusi?"
"Wewe, unavuta pumzi."
Akanyamaza. Akajifunga kitambaa upya.
"Futa, Lamara. Bibi harusi hakulipia mapafu yangu."

Nikafuta moja, mbele ya macho yake.
Akaridhika, akaomba chai.
Skrini ni pana, na yeye hajazoea:
hakuziona zile kumi na nane.